Mambo ya Nyumbani: Mtumishi Arudipo Kwake

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo lisilosemwa sana katika mikutano yetu, nalo ni hili: mume na mke waliotumwa na kanisa mbali na kwao, wakatumika hata wakazeeka, hurudije nyumbani? Na sisi tuliobaki, yatupasa tuwapokeeje?

Kumtuma mtu twajua. Waimbaji huimba, wazee humwombea, sadaka hukusanywa, na watoto hulikimbilia gari mpaka njia panda. Lakini siku ya kurudi twaiona kuwa si kitu. Twasema, "Amefika kwao, ana haja gani tena?" Kumbe haja zake ndipo zinapoanza.

Wamisionari wa Augustana walipokuja kutoka Marekani katika nchi za Iramba na Turu, katika miaka ya 1920, aliyerudi kwao alikuwa Mzungu. Wazee wetu walimwaga, akaenda zake. Yaliyompata huko hawakuyaona. Hata mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa kanisa moja la nchi hii, kazi ya kutuma ikawa mikononi mwetu wenyewe. Basi leo watumwao ni wana wetu, nao warudio ni baba zetu na mama zetu. Hatuna tena ruhusa ya kutojua.

Twawajua wazee wawili wa Mwankoko, karibu na mji wa Singida. Majina yao hatuyataji, kwa kuwa hawakututuma kuwatangaza. Walakini wametupa ruhusa tueleze mambo yao, yapate kuwafaa wengine. Walitumika miaka ishirini na minne pwani ya Ziwa Tanganyika, bwana akiwa mwinjilisti, na bibi akiwafundisha wanawake kusoma na kulea watoto. Wamerudi baada ya mavuno.

Juma la kwanza nyumba ilijaa watu, na kuku wengi walichinjwa. Juma la pili wageni walipungua. Juma la tatu palikuwa kimya.

Kule ziwani watu walipiga hodi kabla ya jua kuchomoza: huyu ana mtoto mgonjwa, huyu amegombana na mkewe, huyu ana barua ya kusomewa. Hapa bwana aliamka saa kumi na moja kama desturi yake, akavaa koti, akakaa mlangoni. Asipatikane wa kupiga hodi. Watoto wa jirani walimwamkia "Shikamoo, babu," wakapita mbio kwenda shule.

Bibi naye alipata taabu ya namna nyingine. Mke wa mwanawe ni mtu mpole, tena mwenye adabu. Alimwekea kigoda kivulini, akamwambia, "Pumzika mama, umechoka sana." Hakumwacha kugusa chungu wala kinu. Heshima ile ilimwuma bibi kuliko matusi, kwa maana aliyekuwa jana mwalimu wa wanawake arobaini, leo hana hata mwiko wa kushika. Na siku alipousonga ugali wa uwele, wajukuu walicheka, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea ugali wa muhogo, unaoliwa kwa migebuka ya ziwa.

Tena palikuwa na habari ya shamba. Miaka ile yote mtoto wa ndugu yake bwana ndiye aliyelilima. Alilitia samadi, akapanda alizeti, akawalisha watoto wake. Bwana alitaka kulidai lote kabla ya mvua. Nanyi mwajua kwamba kwetu Singida mvua ni ya msimu mmoja tu. Apotezaye majuma ya kupanda amepoteza mwaka mzima. Kwa hiyo haraka ilikuwa kubwa, na maneno yalikuwa karibu kuharibika.

Lakini jambo lililokuwa zito kupita hayo yote lilikuja jioni, walipokuwa wawili peke yao. Miaka yote meza yao ilikuwa na wageni, na mazungumzo yao yalikuwa juu ya kazi: nani mgonjwa, nani abatizwe, paa la kanisa lavuja wapi. Sasa kazi haikuwapo, nao hawakuwa na neno la kuambiana. Kule ziwani waliacha kaburi la mtoto wao wa nne. Siku ya maziko bwana mwenyewe ndiye aliyeongoza ibada, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Na kesho yake akashika njia kwenda kijiji cha pili, maana watu walikuwa wakimngoja. Tangu siku ile hawakulisema jambo lile wao kwa wao. Wamelisema Mwankoko, baada ya miaka kumi na tisa, kwa sababu kimya kiliwalazimisha. Bibi alitwambia, "Nilidhani hakulia. Kumbe alilia njiani."

Wasomaji wetu, tusiseme kwamba mambo haya ni ya watu dhaifu. Mkumbukeni Johannes Rebmann. Alifika Mombasa mwaka 1846, na mwaka 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro, nao wenye elimu wengine wa Ulaya wakakataa kumsadiki. Mkewe Emma, aliyemwoa mwaka 1851, alifariki mwaka 1866 akali kazini. Rebmann alikaa miaka ishirini na tisa pasipo kurudi kwao. Aliporudi mwaka 1875 macho yake yalikuwa yameingia giza, naye Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, alisafiri pamoja naye akimwongoza. Huko Korntal, katika nchi ya Ujerumani, alimkuta mwenzake wa zamani Krapf, aliyemtangulia kurudi. Mwaka 1876 Rebmann akafariki.

Tazameni jambo hili vizuri. Mtu huyu alihitaji kijana wa Afrika wa kumfikisha nchi aliyozaliwa, na alipofika alihitaji rafiki aliyezijua njia mbili zote, ya kwenda na ya kurudi. Ikiwa mgeni aingiapo nchi ya watu huhitaji kiongozi, basi arudiye kwao baada ya miaka mingi amhitaji vilevile. Tena zaidi, kwa kuwa yeye mwenyewe hujidhani mwenyeji.

Katika Maandiko wako mume na mke waliopita njia hii, nao ni Akila na Prisila. Walifukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakakaa Korintho pamoja na Paulo, wakafika Efeso. Lakini katika sura ya kumi na sita ya Waraka kwa Warumi twawakuta tena Rumi, na kanisa limo nyumbani mwao. Walirudije wasipotee? Maandiko hayaelezi yote, ila twaona mambo mawili. La kwanza, walikuwa na kazi ya mikono, kushona mahema, nayo haikwisha walipohama. La pili, kila mahali majina yao hutajwa pamoja, wala hatumsomi mmoja bila mwenziwe. Kazi ilibadilika na mji ulibadilika, lakini wao walibaki wawili.

Na wale wazee wetu wa Mwankoko wameendeleaje? Bibi ndiye aliyeanza. Alimwambia mkwewe, "Mwanangu, wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku zangu mbili zimekwisha." Yule mke akacheka, akampa jembe. Jikoni bado huendeana polepole, maana jiko moja halipokei mabwana wawili kwa siku moja. Ila siku za Jumamosi mwiko ni wa bibi. Habari za shamba walizipeleka kwa wazee wa ukoo. Bwana alipewa sehemu ya upande wa majabali, na upande wa alizeti ulibaki kwa yule kijana mwaka huu. Bwana hakuridhika kabisa, wala mpaka wenyewe haujamalizika kupimwa. Walakini alisema neno jema: "Afadhali nipungukiwe na magunia kuliko kupungukiwa na mtoto wa ndugu yangu."

Tena watu wengine walianza kumjia usiku kumsengenya mwinjilisti kijana wa mtaa. Jaribu hili ni kubwa kwa mtu aliyekaa siku nyingi bila kupigiwa hodi. Bwana alimshika mkono wa kwanza wao, akamsindikiza yeye mwenyewe mpaka kwa mwinjilisti. Tangu hapo hodi za namna ile zimekoma.

Basi twawashauri hivi.

Kwanza, ninyi mnaorudi. Msiingie kama mwenye mali aliyekuja kuhesabu vitu vyake. Ulizeni kwanza nani amelima, nani ameuguza wazee, nani amezika. Waliobaki nao walikuwa kazini. Na jioni zikiwa na kimya, msizikimbie. Huenda mna jambo la miaka mingi lililongoja nafasi.

Pili, ninyi wana na wakwe. Kuwapumzisha wazazi ni vema, bali kuwanyang'anya kila kazi ni kuwazika kabla ya siku zao. Wapeni kazi yenye haja ya kweli, si mchezo wa kuwapendeza. Na wakitaja mahali walikotoka kila wanapokula, msikunje uso. Miaka ishirini na minne haimezwi kwa tonge moja.

Tatu, ninyi wazee wa kanisa. Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia, kanisa lilikusanyika kusikiliza habari zote walizoleta, nao wakakaa huko siku nyingi pamoja na wanafunzi. Someni Matendo ya Mitume, mwisho wa sura ya kumi na nne. Fanyeni hivyo. Wapeni siku ya kusimulia, nanyi msikilize hata mwisho. Kisha msiwatwike cheo mwaka wa kwanza, wala msiwasahau mwaka wa pili. Wakiwapo wengine waliorudi zamani, wapelekeeni wageni hao, kama Krapf alivyokuwapo kwa Rebmann.

Labda mzee mmoja atauliza, "Na mimi nisiye na kazi ya kuonekana tena, nina faida gani?" Twamjibu kwa jambo la Mwankoko kwenyewe. Visima virefu vilivyochimbwa huko hupeleka maji katika mji wa Singida. Mtu wa mjini hufungua bomba, akanywa, akaenda zake. Hakioni kisima, wala hakisalimu. Hata hivyo kisima kikikauka, mji mzima utajua kwa siku moja. Sala za wazee wawili, na uvumilivu wao mbele ya wajukuu, ni maji ya namna hiyo.

Walimu, twawaomba mwulize darasani: katika kijiji chetu ni nani aliyerudi kutoka kazi ya mbali, na ni nani amekwenda kumsikiliza? Na ninyi mlio na watu wa namna hiyo karibu nanyi, nendeni juma hili mkapige hodi. Msiende na ombi lo lote. Nendeni mkae tu.

Neema ya Bwana ikae nyumbani mwenu. Kwaherini mpaka mwezi ujao.