Nafasi Ndiyo Alama Yetu ya Mkazo

Aliyepata kujifunza Kihispania, japo kwa mwezi mmoja, hakosi kuviulizia vile vistari vya mshazari vinavyokaa juu ya irabu. Kijana mmoja wa Tunduma, mpenzi wa mashairi, aliniletea swali hilo hivi karibuni. Alitaka kujua kwa nini Kiswahili hakina alama kama hizo, na kama washairi wetu hawangenufaika nazo. Jibu langu ni kwamba alama ya mkazo tunayo, tena tunaitumia kila tuandikapo. Ni ile nafasi tunayoiacha kati ya neno na neno. Na siku hizi, hasa katika mashairi yanayoandikwa kwenye simu, nafasi hiyo inawekwa popote kidole kinapopenda.

Tuanze kwa Wahispania wenyewe. Kanuni yao ni nyepesi. Neno linaloishia kwa irabu, au kwa n au s, hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mengine hukazwa katika silabi ya mwisho. Neno likivunja kanuni hiyo, huvikwa kistari. Sasa tazama vitenzi vyao vya kuamuru. Neno da maana yake ni "toa". Ukitaka kusema "nipe", unaambatisha kiwakilishi nyuma ya kitenzi, unapata dame. Ukitaka kusema "nipe hicho", unaongeza kiwakilishi cha pili, unapata dámelo. Mkazo haukusogea hata kidogo. Ungali juu ya kitenzi pale pale ulipokuwa, ila silabi ile sasa imekuwa ya tatu kutoka mwisho, na kanuni imevunjika. Ndipo kistari kinapoingia. Vivyo hivyo diga, "sema", huwa dígame, "niambie", neno ambalo wengi nchini Hispania hulitamka wanapopokea simu. Viwakilishi hurundikana mkiani, mkazo umekaa kitako, na kistari kinatoa ushahidi kwamba haukuhama.

Kwetu ni kinyume. Mkazo wetu, ambao wengine hupenda kuuita shadda, ni msafiri. Makazi yake ni silabi ya pili kutoka mwisho, na mkia wa neno ukirefuka, nao unasogea kuufuata. Niruhusuni niazime kistari cha Wahispania kwa makala haya tu: sóma, soméni, karíbu, karibúni, nyúmba, nyumbáni. Amekúja ni habari. Amekujáje ni swali la njia aliyojia. Nawapénda yaweza kuwaelekea wao au ninyi, lakini nawapendéni ni ninyi tu, na mkazo umepiga hatua moja mbele kuipisha ile -ni. Makondakta wa mabasi madogo kati ya Mbeya na mpakani wanaijua kanuni hii kuliko walimu wengi. Wasikilize wanavyoita abiria: Mlooowo, Vwaaawa, Tunduuuma. Hakuna anayerefusha silabi ya kwanza ya Tunduma wala ya mwisho, na hakuna aliyewafundisha.

Kwa kuwa kanuni yetu inahesabu kutoka mwisho wa neno, haja yetu ni moja tu: kujua neno limeishia wapi. Mwandishi hana njia nyingine ya kutuonyesha hilo isipokuwa nafasi. Akiiweka mahali pasipo pake, ameupeleka mkazo mahali pasipo pake. Chukua "walimpa". Ikiandikwa "wali mpa", jicho linaona chakula, na sikio linakaza wá-. Chukua "alikaa". Ikiandikwa "Ali kaa" mwanzoni mwa mshororo, tumemwita mtu na kumpa amri. "Wanasoma" ikawa "wana soma", na watoto wa mtu fulani wameingia katika shairi bila kualikwa. Nimeyaona yote haya katika mashairi ya watu wenye kipaji, wala sio wanafunzi wa kidato cha kwanza.

Kosa hili hukiumiza zaidi kiambishi cha mtendwa, yaani kile kinachotwambia nani amependwa, nani amepewa, nani ameonwa. Sijui kwa nini kimekuwa mnyonge kiasi hiki. "Ana ni penda", "nina ku omba", "tuta wa ona": kila mahali kiambishi kimesimamishwa peke yake kama mtoto aliyeachwa kituoni. Nadhani sehemu ya lawama ni ya simu zenyewe. Simu iliyotengenezwa kwa kusahihisha Kiingereza huipigia "nimekuombea" mstari mwekundu, na mwandishi huikata vipande mpaka mstari utoweke. Sehemu nyingine ni Kiingereza tulichosomea, ambacho huandika kila kiwakilishi peke yake.

Lakini katika sarufi yetu kiambishi hicho si mnyonge hata kidogo. Kila mwaka niliofundisha sekondari hapa Mbozi, mwanafunzi mmoja aliuliza: mwalimu, kwa nini tunasema "anakula" na si "anala"? Kitenzi ni -la. Hiyo ku- ya nini? Swali zuri, na jibu lake ni mkazo. Vitenzi -la, -nywa, -fa, -ja vina silabi moja tu, na silabi hiyo ikiwa ya mwisho, mkazo ungelazimika kuangukia kiambishi cha wakati kilicho mbele yake. Viambishi -na-, -li-, -me- na -ta- havibebi mkazo. Kwa hiyo ku- ya kitenzijina hubaki ili iubebe: anakúla, alikúnywa, amekúfa. (Wenzao -ki- na -ka- wana mabega, ndiyo maana twasema akíla, akála, bila ku-. Nayo "amekwenda" na "ameenda" huweza kukaa pamoja kwa sababu enda ina silabi mbili na inajitosheleza.)

Sasa mlete mtendwa. Ugali anaúla. Maji aliyánywa. Ku- imekwenda zake. Haihitajiki tena, kwa maana kiambishi cha mtendwa kimefika na kimeuchukua mzigo. Simba akimkamata swala, amemla, na hapo mkazo unaibeba m yenyewe, herufi isiyo na irabu lakini yenye hadhi kamili ya silabi. Mshairi anayehesabu mizani analijua hilo: "amemla" ni mizani minne, na "mpe" ni miwili. Kitenzi -pa kimekwenda mbali zaidi. Chenyewe hakitembei bila mtendwa kabisa. Daima ni ananípa, nitakúpa, tumewápa. Anayepewa ndiye anayesikika kwa nguvu kuliko anayetoa, kuliko wakati, kuliko hata kitendo. Sikumbuki lugha nyingine niliyojifunza inayomtendea mpokeaji heshima hiyo katika sauti.

Hapa ndipo washairi wanaponikatiza. Mwalimu, husema, ushairi wetu wa kimapokeo hupimwa kwa mizani na vina. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitufundisha kuhesabu silabi katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954, na silabi hazipungui kwa sababu ya nafasi. Nane ni nane, iwe imeunganishwa au imekatwa. Ni kweli kwa hesabu. Naomba tuutazame mshororo mmoja, nilioutunga mwenyewe kwa kazi hii ili nisimwonee mtu:

Nimekupa moyo wangu, nawe hukunipa wako

Mizani kumi na sita, nane kwa nane. Usome kwa sauti: nimekúpa móyo wángu, náwe hukunípa wáko. Malalamiko yote ya mpenzi huyu yamo katika silabi mbili, kú na ní. Wewe ulipewa, mimi sikupewa. Hatukuhitaji kuongeza "wewe" wala "mimi", kwa maana mkazo umekwisha kuwataja. Sasa uandike kama unavyoandikwa siku hizi:

Nime ku pa moyo wangu, nawe huku nipa wako

Mizani ingali kumi na sita. Lakini msomaji atakaza níme, kisha atayumba juu ya "ku" na "pa" zilizosimama peke yake, zisizo na mahali pa kupokea mkazo. Katika kipande cha pili atasoma náwe húku, "nawe mahali hapa", na kukanusha kote kumepotea. Yule aliyenyimwa moyo hayumo tena. Amebaki mtu aliyesimama "huku" akisubiri kitenzi.

Najua mashairi huimbwa, na mahadhi yana mamlaka yake. Mwimbaji wa taarabu huweza kuivuta silabi isiyokazwa mpaka hadhira isimame. Hilo ni tendo la mwimbaji anayejua mkazo ulipo na ameamua kuuacha. Uhuru wa mshairi nao una majina yake, na tumeyafundisha madarasani: inkisari, mazida, tabdila, hata kuboronga sarufi. Kila mmoja katika hao hulitumikia sikio, kwa kupunguza silabi, kuiongeza au kuibadili. Kukata "hukunipa" vipande viwili hakupunguzi wala hakuongezi kitu masikioni. Hakumo katika uhuru huo.

Wazee wetu wa pwani walilichukulia jambo hili kwa uzito zaidi yetu. Katika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, waandishi wengi walizoea kutia herufi ya kurefusha, alifu, wau au ye, katika silabi yenye mkazo. Msomaji aliyefungua karatasi usiku kuwasomea waliokusanyika aliona kwa macho mahali pa kuegemea. Hati za Kilatini hazikuja na desturi hiyo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilirithi na kuimarisha maandishi yanayounganisha kitenzi na viambishi vyake vyote, na kwa njia hiyo nafasi ikabaki kuwa alama pekee. Tulikuwa na taa mbili, tukabakiwa na moja.

Hoja nzito kuliko zote nilizosikia ni ile inayotutolea mfano wa kusini. Msetswana huandika Ke a go rata, maneno manne, na Mzulu huandika Ngiyakuthanda, neno moja. Zote mbili ni "nakupenda", zote mbili ni lugha za Kibantu, na Wasetswana hawajapotea. Kwa nini basi tusikate? Nakiri kwamba kwa kanuni hakuna kizuizi. Tungeweza kukata tangu mwanzo, na watoto wetu wangefundishwa kusoma hivyo. Lakini Wasetswana hukata kila siku, mahali pale pale, shuleni na magazetini, na jicho lao limezoezwa. Sisi katika ubeti mmoja tunasoma "anakupenda", mshororo unaofuata "ana kupenda", na wa tatu "ana ku penda". Huo haujawa mfumo wa mtu yeyote.

Kuhusu pendekezo la kuleta vistari vya Kihispania, silioni kuwa na faida. Maneno yetu yanayohitaji ulinzi huo ni machache mno. Tunayo barábara, yaani sawasawa, na barabára ya kupitia magari. Tunayo walákini yenye maana ya "lakini", na walakíni ambayo ni kasoro. Mwalimu akitaka kuvichora ubaoni, avichore. Kwa msomaji mzima, sentensi yenyewe inatosha.

Ninachokitetea ni kidogo, na hakigharimu kitu. Chuoni, tulipokuwa tukisomea ualimu, mkufunzi wetu wa Kiswahili alitutaka tusome ubeti huku tukipiga kofi moja kwa kila neno, juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Zoezi hilo nililitumia darasani hadi nilipostaafu. Mtunzi akilifanya kwa shairi lake kabla ya kulituma, akiyafuata maandishi yake kama yalivyo, atagundua mara moja mahali ambapo kofi linakosa pa kutua, kwa maana "ku" peke yake haina silabi ya pili kutoka mwisho. Aiunganishe. Asichanganye jambo hili na chaguo halali alilo nalo: "mwana wangu" ni mizani minne na makofi mawili, "mwanangu" ni mitatu na kofi moja, na kati ya hayo mawili achague kwa kadiri ya uchungu wa ubeti wake.

Wahariri nao nawaomba jambo moja. Wakikuta nafasi yenye mashaka katika kitenzi, wasiiondoe kimyakimya. Wamrudishie mtunzi na kumwuliza. Mara mojamoja nafasi huwa ya makusudi. Huenda aliyeandika "Ali kaa" anaye Ali wake, amesimama mlangoni tangu jioni, na alichosahau ni mkato tu.