Anayekimbiza wagonjwa Kesses, yeye anakimbiliwa na nani?

Simama Cheptiret, pale barabara ya kuelekea Kesses na bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi inapoachana na ile ya Nakuru kwenda Eldoret. Hutakaa sana kabla usikie king'ora. Matatu zinapisha, bodaboda wanajibanza kando, ambulensi inapita mbio kuelekea Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) mjini Eldoret. Kisha kila mtu anarudi kwa shughuli zake.

Lakini yule aliye ndani, aliyeshika kidonda cha mgonjwa damu isizidi kumwagika, alilala saa ngapi?

Swali hili linafaa kumhusu kijana yeyote anayewazia kazi ya huduma za dharura. Kipengele cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ya mgonjwa tunaijua na tunaipigia kelele. Ambacho wengi hawajui ni kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inampa mhudumu pia haki ya kufanya kazi katika mazingira salama. Haki mbili, ambulensi moja. Ya pili ikipuuzwa, ya kwanza nayo inayumba.

Chukua usingizi. Watafiti wamepima na kugundua kwamba mtu aliyekesha kwa saa 17 hivi hufanya kazi kama aliyeonja pombe. Sasa mpe usukani usiku, ukungu umetanda Burnt Forest, na mgonjwa mahututi nyuma. Hapo ushujaa hausaidii. Kinachosaidia ni ratiba ya zamu inayoheshimu mwili wa binadamu.

Kisha kuna hatari zisizopiga king'ora. Kubeba machela kwa mgongo uliopinda badala ya kuchuchumaa na kuinuka kwa nguvu za miguu. Kudungwa na sindano iliyotumika. Likitokea hilo, osha kwa maji na sabuni, ripoti mara moja, na uanze dawa za kuzuia HIV ndani ya saa 72. Mapema ndiyo bora, na dozi ni siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo haingoji ajali: huchanjwa mara tatu, kwa kawaida ndani ya miezi sita.

Na akili je? Juni 30, 2023, lori liliparamia watu na magari Londiani, Kericho, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Taifa liliwahesabu waliokufa na waliojeruhiwa. Waliookota miili usiku ule hatukuwahesabu. Mtu kama huyo akianza kukosa usingizi, kukasirika ovyo au kuzamia chupa, tunamwambia ajikaze. Hiyo si dawa. Kuketi na wenzako baada ya tukio zito, na kumwona mshauri mambo yakizidi, ni sehemu ya kazi kama vile kuvaa glavu.

Kweli, ajira ni haba, na kijana aliyesota mtaani anaogopa kuuliza maswali asije akaonekana msumbufu. Lakini hebu uliza kabla ya kutia sahihi. Zamu ni ya saa ngapi? Nitachanjwa? Nikiumia kazini, fidia iko? Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awe na bima. Huombi hisani.

Serikali za kaunti na mashirika hupenda kujivunia ambulensi mpya zinapozinduliwa. Vizuri. Ila siku ya uzinduzi, mwananchi wa Kesses aulize pia kuna wahudumu wangapi wa kupokezana zamu. Gari hupumzishwa gereji. Binadamu naye?