Kutoka MIOME Hadi Chuo Kikuu

Wako wazee Mombasa ambao chuo cha Tudor kwao ni "MIOME" tu. Kilipokea wanafunzi mwaka 1951, kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wajue ufundi. Mwaka 1972 kikawa Politekniki. 2013, Chuo Kikuu cha Ufundi. Hongera! Lakini cheo si utafiti. Mwalimu asomeshaye kutwa na kusahihisha mitihani usiku, bahari ataichunguza saa ngapi? Na maji yenyewe yako pale pale, hatua chache! Naona apunguziwe vipindi, apewe fedha na mashua, na manahodha wa Mji wa Kale waulizwe wayajuayo kabla hawajatutoka.