Emoji ya Kicheko Ilipata Nambari, Herufi za Nattilik Zikangoja

Ile emoji ya kucheka hadi machozi, ile unayoitupa kwa grupu kila siku, iliingia rasmi kwenye orodha ya Unicode mwaka wa 2010. Herufi kadhaa ambazo Wainuit wa Nattilik, kaskazini mwa Kanada, wanahitaji ili kuandika lugha yao sawasawa ziliingia 2021. Miaka kumi na moja baadaye. Hebu fikiria hiyo kidogo.

Kompyuta haijui herufi, bana. Inajua nambari tu. Unicode ndiyo orodha ambayo simu na kompyuta zetu zinafuata, na kila alama ina nambari yake. Herufi "a" ni 97. Alama isiyo na nambari, kwa mashine haipo.

Sasa, Wainuit na Wacree wengi huandika kwa silabi. Alama moja inabeba konsonanti na irabu pamoja, na ukiizungusha, irabu inabadilika. Kwa Inuktitut, ᐱ ni "pi", ᐳ ni "pu", ᐸ ni "pa". Umbo ni lile lile, limegeuzwa tu. Lakini kompyuta haigeuzi chochote. Kila upande una nambari yake: 5169, 5171 na 5176.

Kabla ya hapo watu walikuwa wanaidanganya mashine. Walitengeneza fonti ambayo ukibonyeza herufi ya ABC, kioo kinaonyesha silabi. Ndani ya faili, bado ni ABC. Ukimtumia mtu asiye na fonti hiyo, anaona takataka.

Mwaka wa 1999 Unicode ikaingiza silabi za Kanada zaidi ya 600 kwa mpigo. Hatua kubwa, lakini lugha kadhaa ziliwekwa kapu moja, na sauti zingine za Nattilik zikakosa alama.

Kuna watakaosema: si hao ni watu wachache, waandike tu kwa ABC? Mimi nakataa. Kama mtoto hawezi kumwandikia shosho yake ujumbe kwa herufi anazofunzwa shuleni, ataandika kwa Kiingereza. Baada ya muda, hata kuongea atabadilisha. Lugha haifi siku moja. Huanza kukosa nafasi mahali vijana wako, na leo vijana wako kwa simu.

Usidhani hii ni stori ya Kanada pekee. Kikuyu na Kikamba zina ĩ na ũ. Nambari zipo kitambo, 297 na 361. Lakini angalia meseji zako: wangapi wanaziandika? Kibodi nyingi zinazificha, kwa hivyo tunapiga "i" na "u" na kuachia msomaji akisie. Nambari bila kibodi na fonti ni kama kuwa na kitambulisho lakini hakuna mlango unaofunguliwa.

Unicode haipeani nambari kwa huruma. Lazima mtu aandike ombi na aonyeshe ushahidi kwamba herufi hizo zinatumika. Habari njema ni kwamba yeyote anaweza kupeleka ombi, hawakuulizi digrii.

Kwa hivyo wewe unayejua kukodi, tengeneza kibodi ya lugha ya kwenu. Wewe usiyejua, washa ile iliyopo na uandike vizuri. Herufi isiyotumika hakuna atakayeipigania.