UCHAMBUZI: Tahadhari za Masisi na Walikale zisifie ndani ya kompyuta

Kila yanapozuka mapigano Masisi au Walikale, swali huwa lile lile: kwa nini msaada umechelewa? Majibu yanayotolewa yanajulikana. Barabara ni mbovu, mtandao wa simu haufiki kila kijiji, na makundi yenye silaha ni mengi. Yote hayo ni kweli. Lakini ipo sehemu moja ya safari ya habari isiyozungumzwa sana, nayo ni hatua ya mwisho kabisa: ujumbe umetoka kijijini, umepita kwa mwenye simu, umefika ofisini kwa barua pepe, kisha unakaa mahali ambapo hakuna anayeufungua.

Jambo hilo lina uzito zaidi sasa kuliko miaka iliyopita. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Ofisi yoyote yenye kompyuta za mfumo huo ilibidi ichague: kuzisasisha, kununua nyingine, kulipia muda wa ziada au kubaki bila kinga. Na kila mfumo unapobadilishwa, kuna mambo madogo yanayopotea kimya kimya. Moja kati ya hayo ni kanuni za kuchuja barua pepe.

Kanuni hizo ni maagizo ambayo mtumiaji huipa programu yake ya barua. Ujumbe unaotoka kwa fulani uwekwe katika folda fulani. Wenye neno fulani upewe alama nyekundu na nakala yake iende kwa afisa wa zamu. Ni kazi ya karani wa masijala, ila karani huyo haonekani. Akiondoka, hakuna anayegundua mara moja, kwa kuwa barua zinaendelea kuingia kama kawaida. Tofauti ni kwamba ya kijiji kinachoshambuliwa sasa imelala chini ya matangazo ya semina na taarifa za mishahara.

Kwa nini kanuni hupotea

Sababu kubwa ni mahali zinapohifadhiwa. Baadhi hukaa kwenye seva, na hizo hubaki hata kompyuta ikibadilishwa. Nyingine hukaa kwenye kompyuta yenyewe. Katika programu ya Thunderbird, kwa mfano, zimo katika faili liitwalo msgFilterRules.dat, ndani ya folda ya mtumiaji. Fundi akiunganisha akaunti upya kwenye mashine mpya bila kuhamisha folda hiyo, barua zote zitarudi, lakini vichujio havitakuwepo. Katika Outlook nako kuna kanuni zinazofanya kazi kwenye kompyuta moja tu. Na hata kanuni iliyonusurika inaweza kukwama ikiwa folda iliyotajwa ndani yake imefutwa au kupewa jina jingine.

Kwa Kivu Kaskazini, mabadiliko ya kompyuta yamekuja juu ya mabadiliko makubwa zaidi. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 tarehe 4 Januari 2025. Goma ikafuata mwishoni mwa mwezi huo, uwanja wake wa ndege ukafungwa, na gavana mpya wa kijeshi wa jimbo, Évariste Somo Kakule, akaanza kufanya kazi akiwa Beni. Tarehe 19 Machi waasi waliingia Walikale-centre, kisha wakaondoka mapema Aprili. Katika miezi mitatu, ramani ya nani yuko wapi na nani anajibu simu ilikuwa imegeuka. Kichujio kilichotegemea anwani za mwaka 2024 kingekuwa kimezeeka hata kama kompyuta haijaguswa.

Somo la Luvungi

Anayeona hili kuwa jambo la mafundi peke yao akumbuke Luvungi. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji wa FDLR, wa Mai-Mai Sheka na waliotoroka jeshi walivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, wilayani Walikale. Uchunguzi wa awali wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 303 waliobakwa: wanawake 235, wasichana 52, wanaume 13 na wavulana 3. Ripoti ya mwaka uliofuata ilipandisha idadi hiyo hadi 387.

Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, kilomita 30 hivi kutoka Luvungi. Mtandao wa simu haukuwepo, na wanajeshi wengi hawakujua lugha za wenyeji. Lakini si kweli kwamba hakuna habari yoyote iliyotoka. Tarehe 30 Julai, siku ile ile mashambulizi yalipoanza, barua pepe ya Umoja wa Mataifa iliwaonya wafanyakazi wa misaada wasiende upande huo kwa sababu waasi walikuwa wamefika. Hata hivyo, viongozi wa MONUSCO walisema walipata habari ya ukubwa wa ukatili huo tarehe 12 Agosti.

Hapo ndipo fundisho lilipo. Barua ilikuwepo, na ilimfikia mtu. Lakini ilipita katika njia ya usalama wa safari za wafanyakazi, haikupita katika njia ya ulinzi wa raia. Habari ile ile ilisomwa kama jibu la swali, je, gari letu lipite? Haikusomwa kama jibu la swali, je, wanaoishi kule wako salama? Haikuwa hitilafu ya kompyuta, bali matokeo ni yale yale: ujumbe uliwekwa kwenye folda isiyo yake.

Baada ya Luvungi, MONUSCO ilipanua mitandao ya tahadhari ya kijamii. Machifu, wawakilishi wa wanawake na viongozi wa vijana walipewa simu au redio za kuita kambi iliyo karibu, na wasaidizi wanaojua lugha za wenyeji wakawekwa kuunganisha pande mbili. Kiongozi wa kundi lililohusika, Ntabo Ntaberi Sheka, alijisalimisha mwaka 2017 na kuhukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma mnamo Novemba 2020. Haki ilichukua miaka kumi. Tahadhari haina muda huo.

Kurekebisha si kubonyeza kitufe

Ofisi iliyopoteza kanuni zake ina kazi tatu za haraka. Ya kwanza si kutengeneza kanuni mpya, bali kutafuta kilichokwisha kupotea. Barua zote zilizoingia tangu siku ya kusasisha zipitiwe, hata zilizo kwenye barua taka. Kazi hiyo ina mwisho wake: Gmail, kwa mfano, hufuta barua taka baada ya siku 30.

Ya pili ni kuandika upya kanuni kwa kufuata maisha ya huko, si kwa kufuata ofisi inavyopenda. Mtu aliyekimbia kutoka Nyabiondo au Pinga huenda ameibiwa simu na sasa anaandika kwa anwani ya jirani. Kichujio kinachomtambua kwa anwani yake ya zamani pekee hakitamwona. Majina ya vijiji nayo yana tahajia zaidi ya moja: kuna anayeandika Kitchanga na anayeandika Kitshanga, kuna Njingala na Ndjingala. Lugha pia huchanganyika. Kanuni inayotafuta neno la Kifaransa "attaque" itaupita ujumbe unaosema "wametuvamia usiku". Orodha ya maneno inapaswa kutungwa pamoja na watu wanaoziandika hizo tahadhari.

Ya tatu ni kujaribu. Ujumbe wa majaribio utumwe kutoka nje ya ofisi, na mtu mwenye jina na zamu athibitishe kuwa ameuona. Kisha kanuni zihamishiwe kwenye seva inapowezekana, na nakala yake ihifadhiwe kabla ya fundi kugusa mashine tena.

Hatari ya upande wa pili

Hapa kuna mtego. Kichujio kizuri ni orodha: kina majina, anwani na vijiji vya watu wanaotoa habari. Mahali ambapo mji unaweza kubadilisha mikono mara mbili katika majuma mawili, kama ilivyokuwa Walikale-centre, kompyuta iliyoachwa mezani bila nenosiri wala usimbaji wa diski ni orodha ya watu wa kusakwa. Kundi lolote lenye silaha lingefurahi kuipata.

Kwa hiyo, kusema tu "wekeni nakala" hakutoshi. Nakala ikae mbali na eneo la mapigano, ifungwe kwa usimbaji, na majina yabadilishwe kwa alama. Kanuni inaweza kutafuta alama badala ya jina la mama fulani wa kijiji fulani, na ufunguo wa alama hizo ukabaki kwa watu wachache.

Watakuwepo wa kusema kuwa haya ni mambo ya pembeni, kwamba hata barua ikisomwa kwa wakati hakuna askari wa kutumwa. Hoja hiyo ina ukweli, na Luvungi yenyewe inaonyesha kwamba kambi ya kilomita 30 inaweza kuwa mbali sana. Lakini tahadhari haileti askari peke yake. Huwafanya wauguzi waandae dawa ambazo zafaa kutolewa kwa aliyebakwa ndani ya saa 72. Huwafanya wenye malori wasubiri. Huvipa vijiji vinavyofuata barabarani usiku mmoja wa kuondoka.

Kinachohitajika hakigharimu ndege wala bajeti mpya. Kila shirika au idara inayopokea habari za Masisi na Walikale iulizwe mambo manne: kanuni zenu zimehifadhiwa wapi, nani anazijua, zilijaribiwa lini mara ya mwisho, na majina yaliyomo yamelindwa vipi. Ofisi isiyoweza kujibu isingoje kompyuta nyingine ibadilishwe. Ifungue leo folda ya barua taka, ianze kusoma.