Daftari la Wiki: Paka wa Ghorofani

Upanga na Kariakoo maghorofa hayaishi kuota, na paka nao wamehamia juu pamoja na wenyewe. Paka wa uani alikuwa na ukuta na mwembe wa kuparamia. Wa ghorofa ya nne ana kibaraza kisichotosha viti viwili, na ukingo wa bomba linaloteleza. Mshauri mwenye paka azibe pale, atakucheka: "Huyu? Huyu ana roho ya paka!"

*

Kujigeuza hewani kweli anajua. Mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alionyesha picha za mfululizo za paka aliyeachiwa chali: nusu ya mbele inageuka kwanza, ya nyuma inafuata. Lakini kugeuka si kutua salama. Akitoka juu sana miguu haiwezi kuuzuia mwili wote, kidevu kinagonga chini. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hukuta taya lililovunjika, kaakaa lililopasuka na mapafu yaliyoumia kwa paka aliyetua kwa miguu yote minne.

*

Mwaka 1987 madaktari wawili wa Animal Medical Center, New York, walichapisha habari za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani, kwa wastani ghorofa tano na nusu. Katika waliotibiwa, tisa kwa kila kumi walipona. Kilichovuma zaidi ni kwamba walioanguka kutoka juu ya ghorofa ya saba walivunjika mifupa michache zaidi. Maelezo ya madaktari hao: mwendo ukishafika kikomo, karibu kilomita 97 kwa saa, paka hulegeza mwili. Huenda. Mimi niko na wale waliouliza swali la mtaani kabisa: waliofia pale pale barabarani, nani aliwapeleka hospitali wakahesabiwe?

*

Halafu paka hajirushi. Anamwinda njiwa au mjusi, macho yako kwa kitoweo, kibaraza kimesahaulika. Au amelala ukingoni, akajigeuza usingizini. Dume asiyehasiwa akinusa jike mtaani, ndiyo kabisa.

*

Nondo za madirisha yetu zimepimwa kwa mwizi. Paka akipitisha kichwa, mwili unafuata. Wavu wa mbu nao unadanganya. Ukaguse pembeni: umeshikwa na mpira mwembamba uliopachikwa kwenye mfereji wa fremu. Paka akiuegemea kila siku, mpira unachomoka kidogo kidogo kwenye kona, na kwa mbali dirisha bado linaonekana limefungwa. Fundi wa aluminiamu niliyemuuliza alipendekeza wavu wa chuma, ukazwe kwa skrubu juu ya fremu pande zote nne. Kisha akataka kujua paka huyo analipa kodi ya nyumba shilingi ngapi.

*

Akianguka, usimsifu kwa kuwa ameinuka akatembea. Damu inayovujia ndani haionekani, na anayehema mdomo wazi yuko hatarini. Usimpe Panadol: kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua. Mlaze ndani ya boksi lenye kitambaa, usimbebe kwa kumning'iniza, umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Na akijificha uvunguni akagoma kutoka, usiseme amenuna. Hapo ndipo pa kuharakisha.