Bangili za Mahari na Safari ya Tokyo



Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja wa hapa Mombasa, naye ameniruhusu kuifupisha bila ya kumtaja. Kijana wake wa kwanza anamaliza masomo Tokyo, na mahafali yatakuwa mwezi wa Machi, miezi saba kutoka sasa. Aila nzima inatamani kwenda: baba, mama na wadogo zake watatu walio skuli. Akiba yao, bila ya kugusa fungu walilolitenga kwa ajili ya Hijja, ni shilingi 480,000. Kisha anaandika: “Mume wangu amekwenda kuulizia mkopo wa benki, nami nimejua kwa watu. Na mimi, bila ya yeye kujua, nimepeleka bangili zangu za mahari kwa sonara kuzipimisha.”

Dada yangu, Mwenyezi Mungu akubarikie kwa mapenzi yako kwa mwanao. Lakini kabla ya kutaja yeni na nauli, liko la kutangulia. Mmoja anaficha mkopo, mwingine anaficha dhahabu, na kila mmoja anamkusudia mwenziwe kheri. Hesabu ya nyumba haiwezi kukaa sawa ikiwa ina madaftari mawili yasiyojuana. Leo usiku, watoto wakisha kulala, ketini pamoja mkaambiane. Mkopo wa riba nyote mnaijua hukumu yake. Na mahari ni mali yako peke yako. Hapana awezaye kukulazimisha kuyauza, na hata wewe mwenyewe usiyauze kabla ya kujua kama kweli kuna haja.

Basi tuijue haja. Wajapani wenyewe wana mafunzo katika jambo hili. Mwaka wa 1904, Hani Motoko, mmoja katika wanawake wa mwanzo kufanya kazi ya uandishi wa habari nchini Japani, alitoa daftari la hesabu za nyumbani kwa ajili ya akina mama. Kwa Kijapani daftari la namna hiyo huitwa kakeibo. Mafunzo yake ni mepesi: usingoje mwisho wa mwezi ukauliza fedha imekwenda wapi. Igawe kwa mafungu kabla ya kuitumia, kisha kila siku uandike ulichotoa na ukilinganishe na fungu lake. Daftari hilo lingali likichapishwa hadi leo. Nasi tulifungue kwa safari hii.

Fungu la kwanza ni nauli ya ndege. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Watu hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Tukadirie shilingi 160,000 kwa mtu, kwenda na kurudi. Kwa watu watano ni 800,000, na hapo hamjalala hata usiku mmoja. Isitoshe, Machi ni katikati ya muhula wa kwanza wa skuli zetu. Kwa hivyo jibu la swali lako kubwa limo katika mstari huu wa kwanza: waende baba na mama, na wadogo wabaki kwa nyanya au khalati wao. Kwa wawili nauli ni 320,000. Ila msilipe tikiti isiyorudishwa kabla ya viza kutoka. Viza huombwa ubalozi wa Japani ulioko Nairobi, na hutakiwa mpango wa safari wa siku kwa siku pamoja na uthibitisho wa fedha. Kijana naye atume barua ya mwaliko. Kwa viza, bima ya safari na kwenda Nairobi, wekeni 30,000.

Mafungu yaliyobaki tuyahesabu kwa yeni. Katika miaka ya karibuni yeni moja imekuwa karibu na shilingi moja, mara ikizidi kidogo, mara ikipungua. Hesabuni moja kwa moja, kisha mtazame kiwango cha siku mtakayobadilisha.

Malazi. Msitegemee kulala kwa kijana, kwani mabweni mengi ya wanafunzi huko hayaruhusu mgeni kulala. Hoteli nyingi za Japani hutoza kwa idadi ya watu na si kwa chumba, kwa hivyo ulizeni bei ya wawili. Nawapendekezea mtaa wa Ueno: una treni inayotoka uwanja wa ndege wa Narita bila ya kubadilisha, na karibu yake, Okachimachi, upo msikiti wa Assalaam. Chumba kidogo cha wawili tukikadirie yeni 14,000 kwa usiku. Siku saba ni 98,000. Tahadharini na mwisho wa Machi. Ndipo maua ya mcheri yanapochanua, wageni humiminika na bei hupanda. Wekeni nafasi mapema.

Chakula. Hapa ndipo Muislamu hupoteza fedha kwa kutojua, au dini kwa kutouliza. Mchuzi wa Kijapani mara nyingi hutiwa mirini, nayo ni mvinyo wa mchele wa kupikia. Wali na samaki wanaoonekana salama huenda wamo nayo. Migahawa ya halali ipo, lakini kula humo mara tatu kwa siku kutawachosha mfuko. Tafuteni chumba chenye jiko dogo. Nyama ya halali, mchele na viungo vinauzwa katika maduka ya Waislamu mtaani Shin-Okubo. Pikeni asubuhi na usiku, mchana mle nje. Kwa wawili, yeni 6,000 kwa siku zinatosha; siku saba ni 42,000. Maji ya mfereji ni salama kunywa. Wala msiweke fungu la bakhshishi, kwani desturi hiyo Wajapani hawana.

Najua, dada yangu, kwamba mkono wako utataka kumchukulia kijana sambusa za nyama na maembe. Usifanye hivyo. Nyama na maembe havipiti forodhani Japani. Mchukulie visheti na halua.

Usafiri. Narita ni mbali, kiasi cha kilomita 60 kutoka katikati ya mji. Teksi yaweza kupita yeni 20,000. Treni ya kawaida hadi Ueno ni elfu moja na ushei kwa mtu. Mjini, nunueni kadi ya kugusa langoni mwa kituo, na mkadirie yeni 2,000 kwa siku kwa wawili. Pamoja na kwenda na kurudi Narita, fungu hili ni 20,000.

Matembezi, yeni 10,000. Jengo la serikali ya mji, mtaani Shinjuku, lina ghorofa ya kutazamia mji wote bila ya malipo. Msikiti wa Tokyo Camii, ulioasisiwa na Watatari mwaka wa 1938 na kujengwa upya mwaka wa 2000, hupokea wageni bure. Pengine mtatamani pia msikiti wa Kobe, wa kwanza Japani, uliofunguliwa mwaka wa 1935. Lakini treni ya kasi hadi huko ni takriban yeni 15,000 kwa mtu, kwenda tu. Wawili kwenda na kurudi ni 60,000. Huo uacheni kwa safari nyingine, inshallah.

Zawadi, 15,000. Jumla ya mafungu haya matano ni 185,000. Ongezeni sehemu ya kumi kwa dharura, yaani 18,500, mpate 203,500. Tukijumlisha na nauli na viza, safari nzima ni shilingi 553,500. Akiba yenu ni 480,000. Pengo ni 73,500.

Sasa tazama, dada yangu, jinsi pengo linavyozibika. Laleni siku tano badala ya saba: malazi, chakula na usafiri wa siku mbili, pamoja na sehemu yake ya dharura, ni 48,400. Punguzeni zawadi hadi 5,000, mnunue katika maduka ya yeni mia, ambako kitu kimoja ni yeni 110 pamoja na kodi: mmeokoa 11,000 zaidi. Linabaki pengo la 14,100. Mna miezi saba. Wekeni shilingi 2,100 kila mwezi, na pengo limefungwa. Hakuna riba, na bangili zimerudi kashani.

Najua majirani watauliza mbona hamkwenda nyote, na mbona siku tano tu. Wahenga walituambia: usisafirie nyota ya mwenzio. Mwenye chombo ndiye ajuaye kina cha maji yake. Dini yetu imetukataza israfu na imetukataza ubahili, na katikati ya hivyo viwili ndipo mlipo. Kijana siku ile atawatafuta wazazi wake katika umati. Hatauliza mmelala siku ngapi.

Lililobaki ni lile la mwanzo. Bangili zitoe kwa sonara kesho, lakini mazungumzo na mumeo yasingoje kesho. Fungueni daftari moja, na mstari wa kwanza muuandike pamoja.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awarudishe salama. Wabillahi tawfiq.